Barua kwa mwanangu: hilo neno shibboleth lilianzia mtoni

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona jana usiku nimeshazima taa, nikasema nitajibu asubuhi, afu usingizi ukakataa kabisa, maana umeniuliza neno ambalo mimi nalo tunajuana zamani. Kwa hiyo nimeamka mapema naandika na utanisamehe itakuwa ndefu, si unamjua mama yako akianza.

Umesema hivi. Umeingia maktaba ya chuo kwenye intaneti kutafuta makala, ukakuta kitufe kinasema ingia kwa Shibboleth, ukabonyeza ikakurudisha ulikotoka, ukabonyeza tena ikakurudisha, ukafunga kompyuta kwa hasira. Halafu wiki hiyohiyo mwalimu wako karudisha insha, na pembeni ya ile sentensi uliyoipenda kuliko zote kaandika kwa wino mwekundu kwamba hii ni shibboleth tu, ithibitishe. Sasa unauliza, mama hili dude ni nini, ni programu ya kompyuta au ni tusi, na limetoka wapi maana hata sura yake si ya Kiingereza.

Si ya Kiingereza kweli. Ni Kiebrania, Waingereza wamelibeba kutoka kwenye Biblia kama lilivyo, hawakuligusa. Na wewe umeshalisikia likisomwa mbele yako, ila ulikuwa unasinzia. Fungua Waamuzi sura ya 12, mistari ya mwanzo tu hapo, kwenye Biblia yetu limeandikwa Shibolethi.

Kulikuwa na mtu anaitwa Yeftha wa Gileadi, upande wa mashariki wa mto Yordani. Mama yake alikuwa kahaba, ndugu zake wa baba mmoja wakamfukuza nyumbani wakamwambia wewe huna urithi hapa, akaenda zake mbali akakaa na wahuni. Baadaye Waamoni wanakuja na vita, wazee walewale wa Gileadi wanamfuata kumbembeleza awe jemadari wao. Akaenda, akapigana, akashinda. (Habari ya kiapo chake na binti yake sitaki kuigusa leo, hiyo sehemu huwa naifunika kwa mkono nikisoma.) Sasa vita imeisha, watu wamechoka, ndo Waefraimu, kabila lingine la Israeli la ng'ambo ya pili, wanavuka mto wamefura, mbona hukutuita tukapigane, tutakuchomea nyumba na wewe ndani yake. Yeftha akawaambia niliwaita na hamkuja kuniokoa. Maneno yakazaa maneno, Waefraimu wakawatukana wenzao kwamba nyie Wagileadi ni watoro tu wa Efraimu, basi vita ikawaka ya ndugu kwa ndugu na Efraimu wakapigwa vibaya.

Waliobaki wanataka kurudi kwao, na kwao ni ng'ambo. Wagileadi wakawawahi kwenye vivuko. Akija mtu anasema naomba nivuke, wanamuuliza wewe ni Mwefraimu? Anasema hapana, nani atakubali. Wanamwambia haya, sema Shibolethi. Anasema Sibolethi. Kwisha habari yake, wanamshika wanamuua palepale penye kivuko. Biblia inasema wa Efraimu walioanguka wakati ule ni watu 42,000.

Sasa maana ya neno lenyewe, ndo ulichoniuliza. Ni suke. Suke la nafaka, lile linalobeba punje. Wapo wataalamu wanaopenda zaidi maana yake ya pili, mkondo wa maji, kwa sababu neno hilohilo liko kwenye Zaburi ya 69 mahali mtu analia kwamba maji yanamgharikisha, na hawa si walikuwa wamesimama mtoni, wanaona mkondo ndo unaingia akilini. Mimi niko upande wa suke na sababu yangu wala si ya kitaalamu. Unakumbuka ndoto ya Farao, masuke saba manene na masuke saba membamba yaliyokaushwa na upepo? Kwenye Kiebrania ni neno lilelile, shibolimu, ndo wingi wake. Na aliyeifasiri ile ndoto ni Yusufu, akatoka gerezani akawa mkubwa Misri nzima kwa ajili ya masuke. Watoto wa Yusufu ni Manase na Efraimu. Na ukiangalia orodha ya koo kwenye Hesabu, Gileadi ni mjukuu wa Manase. Yaani pale kivukoni unakuta huyu mwenye upanga na huyu anayeomba kuvuka wengi wao babu yao ni mmoja, na huyo babu aliinuliwa na neno suke, na wao wanachinjana kwa neno hilohilo suke. Miaka yote nakaa kanisani sijamsikia mhubiri hata mmoja akiyaunganisha haya mawili, nikajisemea basi nitamwambia mwanangu siku akiniuliza, na leo umeuliza.

Ila kuna kitu hapo nataka ukishike kabla sijaendelea maana ndicho kitakachokujibu habari ya mwalimu wako. Pale mtoni hakuna aliyeulizwa suke ni nini. Kila mtu alikuwa anajua suke ni nini, anayeuliza anajua, anayejibu anajua, mpaka mtoto mdogo anajua. Maana ya neno ilikuwa imewekwa kando kabisa, linasikilizwa limetokaje mdomoni basi. Wangeweza kuchagua neno lolote lenye ile sh mwanzoni, hata neno la kijinga, kazi ingefanyika vilevile.

Unaweza kusema kwani mtu hawezi kujikaza tu akatamka, si roho yake iko hatarini. Jaribu mwenyewe, sema s halafu sema sh, utasikia ulimi unarudi nyuma kidogo na midomo inajikusanya, basi, safari yenyewe haifiki hata upana wa kidole. Kwako ni rahisi kwa sababu umezaliwa ndani yake. Kuna mtafiti anaitwa Janet Werker na mwenzake, mwaka 1984 walionyesha kwamba mtoto mchanga wa miezi sita hadi minane anasikia tofauti za sauti za lugha ambazo kwao hazizungumzwi kabisa, lakini akifika miezi kumi hadi kumi na mbili uwezo huo umeshapungua sana, sikio limeshaamua lugha yetu ni hii na nyingine ni kelele. Sasa mtu mzima, anatetemeka, amekimbia vita, nyuma yake wenzake wanalia, unamwambia arudi utotoni dakika hiyohiyo. Pengine hata hasikii alichokosea, anaona kabisa amesema sawa.

Tena usifikiri sisi tungevuka. Kiswahili kimebeba maneno mengi ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, na kwenye huo undugu mara nyingi pale Kiebrania kinaposema sh Kiarabu kinasema s. Sisi tunasema saba, wao wanasema sheva. Sisi salamu, wao shalom. Rasi ile ya baharini ni kichwa kwa Kiarabu, kwa Kiebrania ni rosh. Nafsi ni nefesh. Suleimani ni Shlomo. Na Musa, Musa mwenyewe mwanangu, kwao anaitwa Moshe. Hata suke kwa Kiarabu ni sunbula, ni neno hilohilo la mtoni limevaa s. Nilipoligundua hilo nilicheka peke yangu jikoni, kumbe kila tukisalimiana tunatamka Kiefraimu.

Na waandishi wa zamani nao wamehangaika nalo. Kiebrania herufi ya sh na herufi ya s moja wapo ni ileile, shini, vile vidoti vya kuzitofautisha vimekuja kuongezwa karne nyingi baadaye. Sasa mwandishi anataka kuonyesha huyu mtu amekosea, afanyeje? Akachukua herufi nyingine kabisa ya s, inaitwa sameki, akaliandikia lile jibu la kifo. Mtu anasoma kwa macho anaona kabisa herufi imebadilika. Waliokuja kutafsiri kwa Kigiriki ndo walikwama kweli, maana Kigiriki cha zamani sh hawana, utaandikaje kosa ambalo lugha yako yote ndo inalifanya.

Neno likatoka kwenye Biblia likaingia kwenye Kiingereza, na lilipotoka likawa jina la mtego wowote wa namna hiyo, yaani sauti au neno la kumjulia mtu kwenu ni wapi. Na mitego hiyo ni mingi mwanangu, mimi nimekuwa nikiiokota miaka na miaka, sababu nitakwambia mbele. Palermo kule Sicily wakati wa Pasaka mwaka 1282 watu waliwainukia Wafaransa waliokuwa wanawatawala, na masimulizi yanasema mtu akitiliwa shaka anaonyeshwa dengu anaambiwa zitaje, na kwao zinaitwa ciciri, ile c inatamkwa kama ch yetu ya chai, Mfaransa inamtoka sh au s. Hapo sisi tungepita tunaimba. Miaka ishirini baadaye, alfajiri ya tarehe 18 Mei 1302, mji wa Bruges, Ubelgiji ya leo, watu wa Flanders, wenyeji wa hapo, wanaingia kwenye nyumba walikolala askari wa mfalme wa Ufaransa, na inasimuliwa walikuwa wanawaamsha na kuwaambia waseme schild en vriend, yaani ngao na rafiki kwa lugha yao, maneno ambayo ulimi wa Mfaransa unakwama. Angalia na maneno yenyewe, ngao na rafiki, na mtu anauawa kwa hayo. Hadithi kama hizi zinanoga kadiri zinavyosimuliwa kwa hiyo mimi huwa nazipokea kwa mkono mmoja.

Ya 1937 haina cha kunoga. Oktoba mwaka huo Rafael Trujillo, dikteta wa Jamhuri ya Dominika, aliamuru Wahaiti waishio upande wake wa mpaka wauawe, na waliuawa maelfu, wengi kwa mapanga. Mauaji yale mpaka leo yanaitwa kwa jina la jani dogo la kiungo ambalo kwa Kihispania ni perejil, kwa sababu inasemwa askari walikuwa wanamshikia mtu tawi la hilo jani wanamuuliza hili nini, na Mhaiti aliyekulia kwenye Krioli, lugha ya kwao, ile r ya Kihispania inamponyoka. Wapo wanahistoria wanaoona huo mtihani ulitumika kidogo kuliko unavyosimuliwa, kwamba wauaji wengi walikuwa wanajua vizuri tu nani ni nani, walikuwa majirani. Hilo kwangu linatisha zaidi. Na hapo napo kuna mto, ndo mpaka wenyewe, una jina la Massacre tangu zamani kabla ya hayo yote kwa mauaji mengine.

Kuna na ya kijeshi ya kawaida, Juni 1944 askari wa Marekani walioruka kwa parachuti usiku Normandy, Ufaransa, walipewa maneno ya kuulizana gizani, mmoja anasema flash, mwenzake anajibu thunder, wa kwanza anamalizia welcome, na hayo maneno yana th na w ambazo Mjerumani zinamshinda. Hiyo sina ugomvi nayo sana, ni vita na wote wana bunduki.

Sasa nikwambie langu.

Kabla hujazaliwa, kabla hata sijamjua baba yako, tuliitwa watu wawili kwenye intavyuu ya kazi ya switchbodi, yaani kupokea na kuunganisha simu za ofisi, mimi na rafiki yangu, jina nitaliacha ingawa unamjua. Tulisoma wote, tulifanya mafunzo wote, na kwenye mashine alikuwa ananiacha mbali, vidole vyake vilikuwa vinaruka, namba akiisikia mara moja haitoki. Mimi nilikuwa naandika kwenye kiganja. Tumefika pale, yeye akaitwa kwanza. Mlango haukufungwa vizuri nikawa nasikia kila kitu. Wakampa karatasi ya maneno asome kwa sauti, yamepangwa mawili mawili, kalamu karamu, mahali mahari, kula kura, namna hiyo. Akasoma karamu karamu. Kimya kidogo halafu nikasikia wanacheka, mmoja anamwambia dada hiyo ya kwanza ni ya kuandikia, ya pili ndo ya kula, rudia. Akarudia. Karamu karamu. Wakacheka tena.

Mimi nilikuwa na ugonjwa huohuo. Kwetu nyumbani r na l zilikuwa zinakaa popote zinapotaka, ndo tulivyoongea wote na tulielewana, hakuna siku mtu aliomba kalamu akaletewa pilau. Lakini nilikuwa nimesikia mtihani. Nikasimama pale kwenye korido nikaanza kujizoeza kwa kunong'ona, kalamu, ulimi unagusa juu unakaa, karamu, ulimi unagonga unaondoka, kalamu, karamu, mpaka mlango ukafunguliwa. Yeye akatoka macho mekundu, nikapishana naye sikumwambia kitu, nikaingia nikasoma karatasi yote bila kuteleza. Mimi nikapata kazi, yeye wakamwambia tutakuita, hawakumwita.

Sijui unaelewa kwa nini nakwambia hili. Hakuna aliyetuuliza kalamu ni nini. Hakuna aliyempa mashine aonyeshe vidole vyake. Na mimi nilikuwa Mwefraimu kamili, tofauti ni kwamba nilikuwa wa pili kwenye foleni nikasikia wenzangu wanaulizwa nini.

Na mbaya zaidi ni yaliyofuata maana niliikaa ile kazi miaka kumi na saba. Kwenye simu humwoni mtu, humjui kavaa nini, una sauti tu, na mimi baada ya muda nikawa sekunde tatu zinanitosha. Mtu akisema naomba kuongea na bosi kwa ulimi ulionyooka namuunganisha. Akija mwenye r na l zake za nyumbani, za kwetu kabisa, nasema subiri kwenye laini. Sikuwa naambiwa na mtu nifanye hivyo, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Siku moja mzee mmoja baada ya kusubiri sana akaniambia kwa upole, binti, na wewe umetoka kwetu, nimekusikia ulivyosema tafadhali. Niliumwa na hiyo sentensi wiki nzima. Miaka michache baadaye nikakutana na neno shibboleth kwenye kamusi, nilikuwa natafuta neno lingine kabisa, nikasoma maelezo yake nikakaa chini. Ndo tangu siku hiyo nalikusanyia habari zake.

Haya turudi kwa mwalimu wako. Kwenye Kiingereza cha leo neno limesogea hatua moja zaidi, na ukishika lile la maana kuwekwa kando utaona limesogeaje. Mwanzo ni sauti ya kumjulia mtu. Halafu ikawa neno lolote au desturi yoyote ya kumjulia mtu. Kuna profesa mmoja Mwingereza, Alan Ross, mwaka 1954 aliandika makala kuhusu jinsi Waingereza wa tabaka la juu wanavyojulikana kwa maneno, kwa mfano kile kitambaa cha mezani wao wanakiita napkin, na anayejitahidi aonekane wa juu anakiita serviette, neno la Kifaransa, anadhani ndo la heshima, kumbe ndo linalomuumbua. Kujitahidi kwenyewe ndo kosa. Kuna na zile sheria za sarufi ambazo watu wanazishikia bango, usimalizie sentensi ya Kiingereza kwa kihusishi na kadhalika, hazimsaidii msomaji kuelewa chochote, zinasaidia kujua nani kasomeshwa wapi.

Na mwisho ikawa msemo au imani ambayo kundi linairudiarudia mpaka hakuna anayeipima tena, unaisema ili wenzako wajue uko nao. Unaona ilivyo sawa na kule mtoni? Msemo una maana yake, ndiyo, ila anayeusikiliza hasikilizi maana, anasikiliza kama wewe ni wetu. Vyama vya siasa vimejaa hizo, wachumi wanazo, makanisa yanazo, na wanaojiita huru kabisa ndo wanazo nyingi. Kwa hiyo sentensi yako, teknolojia si nzuri wala si mbaya inategemea anayeitumia, mwalimu hajakutukana na wala hajasema ni uongo. Shibboleth inaweza kuwa kweli tupu. Amekwambia tu kwamba kila anayeandika insha ya aina hiyo anaipitia hiyo sentensi kama anaonyesha kitambulisho getini, na yeye anataka ajue wewe unamaanisha nini ukiisema. Nimeisoma insha mara mbili na samahani, niko naye. Sentensi inayoifuata, ile ya simu kumbadilisha mtu hata akiwa ameizima, hiyo ndo ya kwako, na tena ukiitazama vizuri inaipinga ya kwanza. Futa ya kwanza, anzia hapo.

Ya kompyuta ni rahisi zaidi na inachekesha kidogo. Shibboleth ya kwenye maktaba ni programu iliyoanzishwa kwenye mradi wa mwaka 2000 wa muungano wa vyuo vya Marekani unaoitwa Internet2, ili mwanafunzi asiwe na paswedi mia kwa majarida mia. Inafanya kazi hivi, jarida halijui wewe ni nani na halitaki kukuuliza paswedi, linakurudisha kwa chuo chako, nenda kwenu ukathibitishwe. Chuo kinakuuliza paswedi, kikiridhika kinalitumia jarida ujumbe kwamba huyu ni wa kwetu mruhusu. Paswedi yako jarida halijaiona, na mara nyingine hata jina lako halipewi, linaambiwa tu ni wetu. Walioipa jina walikuwa wanaijua Biblia yao, maana ni kivuko kilekile, swali ni wewe wa wapi, ila hapa ukikosea unarudishwa ukajaribu tena. Jina hata hivyo mimi nisingelichagua, ni sawa na kuita kufuli kwa jina la mauaji.

Kuna mchongaji wa Kolombia, Doris Salcedo, yeye alilitumia jina hilo vizuri zaidi, mwaka 2007 alipasua sakafu ya ukumbi mkubwa wa Tate Modern London kwa ufa wa mita 167, akauita Shibboleth, ufa tu sakafuni, huku watu wa huku na kule watu wa kule. Wageni wengine walitumbukiza mguu wakaumia, wakati karatasi za onyo zilikuwepo. Maonyesho yalipoisha waliuziba lakini kovu linaonekana mpaka leo kwenye saruji.

Sasa kwa nini inakurudisha. Nina hakika unaandika ile email yako ya kawaida ya siku zote. Usiandike hiyo. Ukibonyeza kitufe itakuletea orodha ndefu ya vyuo, tafuta chuo chako kwa jina lake kamili, siyo kifupi chake, chagua, itakupeleka kwenye ukurasa wa chuo chenyewe, hapo ndo unaweka namba yako ya usajili na paswedi ya chuo. Kama bado inazunguka futa zile kuki za brauza uanze upya, huwa zinashikilia jaribio la zamani.

Na ukienda kuongea na mwalimu wako kuhusu ile insha, mkazo uko mwanzoni kwenye shi, na mwisho ni th, ile ya thamani, ulimi uguse meno. Usije ukasema shibolesi. Najua utasema shibolesi, unasema samani tangu una miaka mitatu na sikuwahi kukurudisha, nilikuwa na sababu zangu. Yule rafiki yangu anakuja Jumamosi, nitamwambia umeuliza. Akinipigia simu mpaka leo anaanza hivi, haro, naomba karamu, halafu tunacheka mpaka salio linaisha.

Mama yako